Kucheza Sataranji na Kompyuta: Mambo Yaliyopita na Yanayotufaa

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi binadamu alivyoanza kucheza sataranji na mashine, jinsi mashine ilivyomshinda, na jinsi mtu awezavyo kumtumia mshindani huyo ili kukuza uchezaji wake. Nimelichagua jambo hili kwa sababu kijana wa leo wa Makuyuni (nasema Makuyuni yetu ya Korogwe, si ile ya Monduli) anaweza kuikuta sataranji ndani ya simu ya mjomba wake kabla hajauona ubao wenyewe. Tena wako wahitimu wenzetu wasemao kwamba maadamu mashine imekwisha mshinda bingwa wa dunia, hakuna haja tena ya kuwafundisha watoto mchezo huo. Maneno hayo yana kosa ndani yake, na historia yenyewe inaonyesha kosa hilo liko wapi.

Sataranji si mgeni katika lugha yetu. Neno tumelipata kwa Waarabu, Waarabu wakalipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambao waliuita mchezo huo chaturanga, yaani vikosi vinne vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Hata hivyo ukitoka pwani kuja huku kwetu Korogwe na Handeni, michezo ya akili iliyoota mizizi ni bao na drafti. Drafti huchezwa kwa visoda juu ya ubao uliochorwa kwa mkaa, na mwenye kupata kingi huanza kutamba. Kwa hiyo kwa wale wasioifahamu sataranji niseme machache. Ubao wake una vyumba 64 kama ule wa drafti ndogo. Kila mchezaji ana vipande 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Kila aina ina mwendo wake, na lengo ni kumbana mfalme wa mwenzako asiwe na pa kukimbilia.

Ugumu wa mchezo huu waonekana tangu hatua ya kwanza. Mwenye vipande vyeupe anaweza kuanza kwa njia 20, na mweusi anaweza kumjibu kila mara kwa njia 20, basi tayari ni njia 400. Mweupe akicheza tena zimekuwa 8,902, na mweusi akijibu zimefika 197,281. Hapo kila mmoja amecheza mara mbili tu! Mwanafunzi wa hesabu atatambua mara moja kwamba hakuna awezaye kuupekua mchezo mzima kwa kufuata kila njia hadi mwisho, si mtu wala mtambo. Swali lililowashughulisha wataalamu tangu mwanzo lilikuwa hili: utachagua nini cha kukitazama na nini cha kukiacha?

Mwaka 1950 Mmarekani Claude Shannon alichapisha makala yaliyoeleza namna mashine inavyoweza kuagizwa kucheza sataranji. Alisema ziko njia mbili. Ya kwanza ni kutazama hatua zote kwa umbali fulani. Ya pili ni kuchagua hatua chache zenye maana na kuzifuata mbali zaidi, kama afanyavyo mtu. Wakati huohuo, huko Uingereza, Alan Turing alikuwa ameandika kanuni za uchezaji kamili, lakini hakuwa na kompyuta ya kuzifuata. Basi akafanya jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote katika historia hii. Akawa yeye mwenyewe kompyuta. Mwaka 1952 alikaa na rafiki yake Alick Glennie, akawa anakokotoa kila hatua kwa karatasi na kalamu kufuata kanuni zake, bila kuongeza akili yake hata kidogo. Hatua moja ilimchukua kama nusu saa. Thamani alizotumia zilikuwa rahisi: askari 1, farasi 3, askofu 3 na nusu, ngome 5, malkia 10. Mashine hiyo ya karatasi ilishindwa katika hatua ya 29.

Nawaomba walimu wa hesabu walifikirie jambo hili. Kompyuta ya Turing haikuhitaji umeme. Darasa la Kidato cha Pili linaweza kugawanywa makundi, kundi moja likawa ndilo mashine, likahesabu pointi na kucheza kwa kanuni bila huruma, na kundi jingine likacheza kwa akili ya kawaida. Mwanafunzi aliyekuwa mashine kwa kipindi kimoja hataiogopa tena mashine maishani mwake, maana atakuwa amejua ndani mna nini.

Tuendelee. Mwaka 1965 mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Hubert Dreyfus, aliandika akiwacheka wataalamu wa kompyuta kwamba programu zao za sataranji zilishindwa hata na mtoto wa miaka 10. Miaka miwili baadaye alikalishwa mbele ya programu iitwayo Mac Hack, iliyotengenezwa na Richard Greenblatt katika chuo cha MIT, naye akashindwa. Watu walimcheka sana. Mchezaji wa Scotland, David Levy, alikuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 1968 aliwekeana dau na maprofesa kwamba kwa muda wa miaka 10 hakuna programu itakayomshinda. Mwaka 1978, mjini Toronto, alipambana na programu iliyokuwa bora wakati huo, Chess 4.7, akashinda kwa pointi 3 na nusu kwa 1 na nusu. Siri yake ilikuwa kwamba aliisoma tabia ya mashine. Alijua kwamba ni kali sana katika mapigano ya karibu lakini haioni mbali, kwa hiyo alicheza polepole, akakataa ugomvi, akaiacha ijiharibie yenyewe. Dau akalichukua. Mwaka 1989 alirudi kupambana na mashine nyingine, Deep Thought, akafungwa michezo 4 kwa 0. Ujanja ule ulikuwa umekwisha muda wake.

Hadi hapo mashine hizi zilikuwa mali ya vyuo na makampuni makubwa. Mwaka 1977 kampuni ya Fidelity Electronics ya Chicago ilianza kuuza kisanduku cha kuchezea sataranji nyumbani, kilichoitwa Chess Challenger. Uchezaji wake ulikuwa dhaifu. Lakini kwa mara ya kwanza mtoto aliyekaa peke yake, asiye na ndugu ajuaye mchezo wala klabu ya karibu, alipata mshindani ambaye hasemi amechoka wala haombi kwenda kulala. Naona hilo ndilo lililokuwa geuzo lenyewe, kuliko mapambano yote ya mabingwa yaliyoandikwa magazetini.

Na sisi je, wakati huo tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965. Matumizi ya mitambo hiyo katika hesabu za Serikali yalileta matatizo na hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Basi mwaka ule ule wa 1977 ambao watoto wa Chicago walikuwa wakinunuliwa kisanduku cha sataranji, kwetu chombo cha namna hiyo kilikuwa katika orodha ya vitu visivyotakiwa. Amri hiyo ililegezwa polepole katika miaka ya 1980, ikawa haina nguvu tena miaka ya 1990.

Wako wanaoicheka amri ile siku hizi. Mimi siicheki. Nchi ilikuwa na fedha chache za kigeni, na mitambo ile ilikuwa ghali na ilitegemea mafundi wa nje. Lakini gharama yake kwa upande wa elimu ilikuwepo, nasi tukiri hivyo. Tena kwa vijiji vyetu hata bila amri hiyo mambo yangekuwa yale yale, maana mashine hutaka umeme. Kituo cha Hale kilianza kuzalisha umeme mwaka 1964, megawati 21, kwa maji ya mto Pangani, humu humu wilayani Korogwe. Nguzo kubwa zikapita juu ya mashamba ya mkonge kwenda Tanga na Dar es Salaam, na vijiji vingi vilivyo chini ya nyaya hizo vikaendelea kusoma kwa koroboi kwa miongo mingi. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 tu. Mwenye umri wangu anajua maana ya kuutazama umeme ukipita.

Hata hivyo asije mtu akadhani kwamba pasipo mashine hapana sataranji. Urusi na ndugu zake wa Muungano wa Kisovieti walishika ubingwa wa dunia tangu mwaka 1948 mpaka Bobby Fischer wa Marekani alipomshinda Boris Spassky mjini Reykjavik mwaka 1972. Hao wote walijengwa na vitabu, walimu na vilabu, na hasa na desturi moja: kila mchezo uliandikwa hatua kwa hatua, kisha mshindi na mshindwa wakakaa pamoja kuuchambua. Ikumbuke desturi hii, ndugu msomaji, kwa sababu tutairudia.

Sasa nije kwenye kisa ninachokiona ndicho kiini cha makala haya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Ken Thompson, mtaalamu wa Bell Laboratories, Marekani, aliagiza kompyuta ipekue hali zote ambamo upande mmoja umebaki na mfalme na malkia, na upande wa pili mfalme na ngome tu. Vipande vinne peke yake ubaoni. Kompyuta haikukisia, bali ilianzia mwishoni, mfalme alipokwisha banwa, ikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ikajua jibu la kila hali pasipo kosa. Vitabu vilikuwa vikisema kwamba mwenye malkia hushinda bila shida kubwa. Kompyuta nayo ilisema hushinda, na kwamba hata katika hali ngumu kabisa hatua 31 zinatosha.

Walter Browne, aliyekuwa bingwa wa Marekani, aliwekeana dau kwamba angeshinda mashine akiwa na malkia. Kanuni ya mchezo ni kwamba zikipita hatua 50 bila kipande kuliwa wala askari kusogezwa, mchezo ni suluhu. Hatua 50 kwa kazi ya hatua 31, nani angeshindwa? Browne alishindwa. Mashine haikufanya yale yaliyoandikwa vitabuni. Vitabu vilisema ngome ikae karibu na mfalme wake ili wasaidiane, lakini mashine ilikuwa inaitupa ngome mbali na mfalme, mahali palipoonekana pa kipumbavu, na kila alipotafuta pigo la kuinasa hakulipata. Hatua 50 zikaisha.

Hapa ndipo tabia ya mtu hujulikana. Browne angeweza kusema mashine ina uchawi. Angeweza pia kuiomba imwandikie hatua zote 31 akazikariri, lakini hilo lisingemfaa kitu, maana hali zinazowezekana ni nyingi mno. Alichofanya ni kwenda kukaa na ubao wiki chache, akatafuta kwa nini ngome ile ya mbali hainaswi, akaona ni katika hali gani inanaswa, na jinsi ya kuisukuma mashine hadi hali hiyo. Kisha akarudi. Mara hii alikula ngome katika hatua ya 50 kamili, hatua ya mwisho aliyoruhusiwa.

Tazama kilichotokea. Kabla ya siku ile hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua kucheza mwisho huo vizuri dhidi ya ulinzi wa kweli, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa anajua kuulinda. Mashine haikumfundisha Browne kwa maneno, maana haikuwa na maneno. Ilimkatalia tu. Elimu aliipata katika zile wiki alizokaa na ubao akijiuliza kwa nini. Kama angebonyeza tena na kucheza mara mia pasipo kukaa hivyo, naamini angeshindwa mara mia.

Mfano wa pili ni wa Garry Kasparov, na huu niupite upesi. Mwaka 1985 alicheza kwa pamoja na wachezaji wanane wa klabu ya Hamburg, Ujerumani, akashindwa kwa pointi 3 na nusu kwa 4 na nusu. Mwaka 1987 alirudi, safari hii akiwa ameisoma michezo ya kila mmoja wao iliyowekwa katika kompyuta kwa programu mpya ya ChessBase, akashinda 7 kwa 1. Hapa kompyuta haikucheza hata hatua moja. Ilikuwa kabati la kumbukumbu lenye mlango mwepesi.

Ni Kasparov huyohuyo aliyekutana na Deep Blue, mashine ya kampuni ya IBM. Mwaka 1996 mjini Philadelphia alishinda kwa pointi 4 kwa 2. Mwezi Mei 1997 mjini New York, mashine ikiwa imeimarishwa hadi kupekua hali milioni 200 kwa sekunde moja, alishindwa kwa 2 na nusu kwa 3 na nusu. Dunia nzima ilitangaziwa. Wengi hukumbuka mchezo wa sita, ambao Kasparov alikata tamaa baada ya hatua 19 tu. Mimi nauona mchezo wa pili kuwa wenye mafunzo zaidi. Katika mchezo huo alibanwa sana, akaona hali haina matumaini, akasalimu amri. Kesho yake wasaidizi wake wakamwonyesha kwamba palikuwa na njia iliyoelekea kuleta suluhu, ya kumtia mfalme mweupe misukosuko isiyokwisha. Kwa nini bingwa wa dunia hakuiona? Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuitafuta, kwa kuwa aliamini mashine ya namna ile haiwezi kuacha mwanya kama huo. Aliiheshimu kupita kiasi, na heshima hiyo ilimgharimu nusu pointi, pia na utulivu wa moyo kwa michezo iliyosalia. Kijana anayecheza na simu hufanya vivyo hivyo kila siku: akishapoteza askari mmoja hukata tamaa, kwa maana "kompyuta haikosei".

Baada ya hapo mwendo ukawa mmoja tu. Mwaka 2006 programu ya Deep Fritz, iliyoendeshwa na kompyuta ya kawaida ya kununuliwa dukani, ilimshinda bingwa wa dunia Vladimir Kramnik mjini Bonn kwa 4 kwa 2. Mwaka 2008 ikatolewa Stockfish, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua, kuifungua na kuisoma. Programu hiyo ikiwa ndani ya simu ya kawaida leo inacheza vizuri kuliko Deep Blue, ambayo ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Drafti nayo haikuachwa. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Alberta, Kanada, walitangaza kwamba drafti ya Kiingereza, ambayo kingi wake hatembei mbali kama wetu, imefumbuliwa kabisa: wachezaji wawili wasiokosea watatoka suluhu.

Mwezi Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ikatoa habari za AlphaZero. Mashine hii haikupewa kitabu wala mchezo wowote uliochezwa na watu. Ilifundishwa kanuni tu, kisha ikaachwa ijichezee yenyewe, na baada ya saa chache ikawa imepita kila mtu. Katika michezo 100 na Stockfish ya wakati ule ilishinda 28, ikatoka suluhu 72, haikushindwa hata mmoja. Wakubwa waliichunguza michezo yake kwa hamu, wakaona kwamba mara nyingi ilisukuma askari wa pembeni mbele kabisa kumsogelea mfalme wa adui, na ilikubali kupoteza vipande ili vipande vilivyobaki vipate nafasi ya kutembea. Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia wa wakati huo, alieleza kwamba ilimwathiri, na michezo yake ya mwaka 2019 yashuhudia. Ni kisa cha Browne tena. Mashine ilifanya jambo lisilo vitabuni, na mtu akakaa kitako akatafuta sababu.

Lakini chombo hiki kina upande wake wa giza. Mwaka 2010 mashindano ya Olimpiki ya sataranji yalifanyika Khanty-Mansiysk, Urusi. Katika ukumbi ule alikuwemo mchezaji mmoja wa Ufaransa aliyekuwa anapokea hatua za kompyuta kwa siri: mtu aliyebaki Ufaransa alizipeleka kwa ujumbe wa simu, na kocha alizionyesha kwa kusimama nyuma ya meza fulani fulani ukumbini. Aligunduliwa baadaye, wote watatu wakaadhibiwa. Katika mashindano yayo hayo, upande wa wanawake, alikuwemo msichana wa Uganda, Phiona Mutesi, kutoka mtaa wa Katwe, Kampala. Alianza sataranji kwa kufuata kikombe cha uji katika kikundi kilichoongozwa na Robert Katende, akajifunzia kwenye mbao za kawaida pamoja na watoto wenzake. Huko Khanty-Mansiysk alishindwa michezo mingi. Miaka miwili baadaye, Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko walipata cheo cha kimataifa cha kwanza kwa wanawake, wakawa Waganda wa kwanza wanawake kukipata. Yule aliyesaidiwa na kompyuta alikuwa na cheo kikubwa tayari, na mashine haikumwongezea ujuzi wowote.

Afrika yetu haikosi mifano mingine. Amon Simutowe wa Zambia, mzaliwa wa Ndola, alifika cheo cha juu kabisa cha sataranji mwaka 2009, akiwa wa kwanza kusini ya Sahara.

Sasa niwaambie wanafunzi namna ninavyoona inafaa, maana historia bila matumizi ni hadithi ya jioni. Ukicheza na mashine, andika mchezo wako katika daftari hata kama mashine inauhifadhi, kwa kuwa mkono unaoandika hukumbuka. Ukishindwa, usiiulize mara moja kosa lilikuwa wapi. Rudia mchezo mwenyewe, weka alama pale unapodhani uliharibu, eleza kwa sentensi moja kwa nini, ndipo uiulize. Zikitofautiana, hapo pana somo lako la siku. Ikikupa hatua iliyo bora, iendeshe mbele wewe ukiwa upande wa pili, ujaribu kuivunja, mpaka uone kwa macho yako kwa nini haivunjiki. Hiyo ni ile desturi ya Warusi ya mshindi na mshindwa kukaa pamoja, ila safari hii mshindi hasemi, na kazi ya kusema ni yako.

Jambo jingine ni kwamba usianze na nguvu zake zote. Kufungwa mara 40 kwa siku na Stockfish hakumfundishi mtu kitu. Nayo ikipunguzwa nguvu ina kasoro, kwani hucheza hatua kumi kama bingwa kisha hukupa malkia bure, jambo ambalo mtu wa kiwango chako hafanyi kwa namna hiyo. Ndiyo maana mwaka 2020 watafiti wa Marekani na Kanada walitoa programu ya Maia, iliyofundishwa kwa mamilioni ya michezo ya watu wa kawaida ili ikosee kama watu wanavyokosea. Lakini mimi naona matumizi bora ya mashine kwa anayeanza ni miisho ya mchezo. Panga mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake, au mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme, uiambie mashine ijilinde. Hapo haitakuhurumia wala haitakusahihisha, na vipande ni vichache kiasi kwamba unaweza kufikiri hadi mwisho. Ukishaweza mara tano mfululizo, badili upande.

Kwa wahitimu wenzangu nina neno moja. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, na sioni kosa katika hilo. Kwa hiyo mashine itakuwa chombo cha likizo, au cha chumba cha kompyuta chini ya mwalimu. Ikiwa chama chetu kitapenda kuisaidia shule katika mchezo huu, basi fedha za kompyuta moja zinunue mbao 20 na daftari za kuandikia michezo kwanza. Vipande vikipotea, na vitapotea, visoda vilivyoandikwa herufi kwa rangi vinafanya kazi ileile. Mwanafunzi asiye na mtu wa kucheza naye muhula mzima hatakuwa na cha kuiuliza mashine likizo itakapofika.

Nimebakiza bao, na wazee hawatanisamehe nikiliacha. Mwaka 2002 Wadachi wawili, John Romein na Henri Bal, walitumia kompyuta yenye vichakataji 144 kupekua hali zote za awari, ndugu wa bao wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12. Hali hizo zilikuwa zaidi ya bilioni 889, na jibu likawa suluhu. Mwaka huohuo wataalamu wa Maastricht, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, wakaandika juu ya namna ya kuitengenezea kompyuta programu ya bao letu la Kiswahili. Hilo ni jambo jingine kabisa. Mashimo ni 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, mna kunamua na kutakasa, mna nyumba yenye sheria zake, na mchezo mmoja unaweza kuzunguka na kuzunguka kete zikibadilisha ubao wote kabla mkono haujalala. Mtafiti Alex de Voogt, aliyekaa Zanzibar na kuandika kitabu juu ya mabingwa wa huko mwaka 1995, alionyesha kwamba wako walioweza kucheza haya yote bila kuutazama ubao. Awari imefumbuliwa, drafti ya Kiingereza imefumbuliwa. Bao halijafumbuliwa, na kazi hiyo inamngoja mtu ajuaye hesabu na aliyelelewa kwenye kijiwe cha bao.